KICHWA KINA KINGA

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Msemo huo sasa umegeuzwa ngao ya uzembe. Kila dereva wa bodaboda anapofariki katika miteremko ya Kibosho, Machame au Marangu, watu huzika, wakasema ni kazi ya Mungu, wakarudi nyumbani.

Hospitali ya KCMC mjini Moshi hupokea majeruhi wengi wa pikipiki, na miongoni mwao wapo wengi walioumia kichwa. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kuwa kofia ngumu, ikivaliwa sawasawa, hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42. Ajali yaweza kukosa kinga, kichwa kinayo.

Inasikitisha kwamba miongoni mwa abiria wanaoikataa kofia, kwa kisingizio cha jasho au nywele, wamo watumishi wa umma na walimu. Mwalimu ashukaye kwenye pikipiki kichwa wazi mbele ya wanafunzi amekwisha kufundisha somo la kwanza la siku hiyo, nalo ni baya.

Madereva wanao wajibu wa kuendesha taratibu, bila ulevi na bila kupakia mishikaki. Polisi nao wanao wajibu wa kusimamia sheria, lakini askari hawezi kusimama katika kila kona ya mlima. Basi kila mtumishi adai kofia na kufunga kamba yake kidevuni, asiyepewa asipande. Dereva atakayekimbiwa na abiria ataitafuta kofia upesi kuliko atozwaye faini.