Saa 2 za Kunyonyesha Kazini si Hisani

Wataalamu wa afya wanashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, bila maji wala uji. Lakini mama mwajiriwa hurudi kazini kabla ya hapo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akijifungua pacha. Siku 84 hazifiki miezi 3. Je, miezi inayobaki mtoto anyonye lini?

Sheria hiyo hiyo inajibu: mwajiri amruhusu mama kunyonyesha wakati wa kazi, hadi saa 2 kwa siku. Inakataza pia kumbagua mwanamke kwa sababu ya ujauzito, awe kazini au anaomba kazi.

Hata hivyo, wapo akina mama wanaoogopa kuomba saa hizo wasije wakaitwa wavivu. Matiti yanavimba na kuuma, maziwa yanapungua, na mtoto anaanzishiwa uji mapema. Kumnyima mama muda huo ni kumnyima mtoto chakula chake.

Sisi wenye maduka, shule na wasaidizi wa nyumbani, tuanze wenyewe. Akina baba, msiwaache wake zenu wadai peke yao. Na aliyeachishwa kazi kwa sababu ya mimba apeleke malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Asichelewe.