Kompyuta Hospitalini: Muda Uliookolewa ni Haki ya Nani?

Tunamshukuru Allah (S.W.) aliyetujaalia neema ya afya, na tunamuomba rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali ni hivyo, je, uhai wa mwanadamu? Mgonjwa asiye na kumbukumbu huulizwa upya maswali yale yale, hupimwa tena alichokwishapimwa, na huenda akaandikiwa dawa isiyopatana na ile anayoitumia. Kuandika habari za mgonjwa si jambo geni kwa Waislamu. Tabibu Abu Bakr al-Razi, aliyefariki katika karne ya 10 Miladia, aliandika habari za wagonjwa wake wengi, na baada ya kufa kwake maandishi yake yakakusanywa katika kitabu kikubwa kiitwacho al-Hawi. Kompyuta imekuja kuendeleza kazi ya kalamu ile.

Mfano ulio karibu nasi ni Mosoriot, kituo cha afya cha mashambani magharibi mwa Kenya. Mwaka 2001 kituo hicho kilianza kuhifadhi habari za wagonjwa katika kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, Marekani. Ripoti ya watafiti iliyotolewa 2003 ilionyesha kwamba muda anaotumia mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Hiyo ni faida kubwa kwa mama aliyembeba mtoto mwenye homa.

Lakini ripoti hiyo hiyo ina jambo la kuzingatia. Muda ambao wafanyakazi walikaa na wagonjwa ulipungua kwa nusu, na muda wa shughuli zao binafsi ukaongezeka. Hatuwalaumu, kwani kila mfanyakazi anahitaji kupumzika. Swali letu ni hili: muda uliookolewa na mashine ni haki ya nani? Sisi tunasema, mgonjwa ndiye wa mwanzo kupewa haki hiyo. Mashine imemwondolea tabibu mzigo wa kuandika ili apate nafasi ya kusikiliza.

Na jambo hili linawezekana. Utafiti uliofanyika katika kliniki tatu za Kenya na kuchapishwa 2010 uliwahusu wagonjwa 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya VVU. Kundi moja lilitumiwa na muuguzi ujumbe mfupi wa simu kila wiki: “Mambo?” Mgonjwa alitakiwa kujibu “Sawa” au “Shida” katika muda wa saa 48. Aliyesema ana shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa simu. Katika kundi hilo, asilimia 62 walitumia dawa zao inavyotakiwa, na katika kundi lisilotumiwa ujumbe walikuwa asilimia 50. Simu ilipeleka salamu tu. Kilichosaidia ni kuwepo mtu anayengojea jibu. Nasi tumefunzwa kwamba kumjulia hali mgonjwa ni katika haki za Muislamu juu ya nduguye.

Lipo pia suala la amana. Zamani faili lilisomwa na aliyelishika mkononi, lakini leo habari za mgonjwa zaweza kufika mbali kwa dakika moja. Ni kweli mficha maradhi kilio humfichua, lakini mgonjwa akijua kuwa siri yake itazungumzwa barazani, atayaficha tu. Hivyo basi, asiyeweza kuuchunga ulimi wake asikabidhiwe neno la siri la kompyuta ya hospitali.

Vijana wetu, wanavyuoni wameihesabu elimu ya tiba kuwa ni fardhi kifaya, na kompyuta sasa imo ndani ya elimu hiyo. Jifunzeni kwa bidii, na mjifunze pamoja nayo upole na kutunza siri. Nanyi wazazi, wahimizeni watoto wa kike na wa kiume katika masomo haya, na mzihifadhi kadi zao za kliniki, kwani kumbukumbu njema huanzia nyumbani.

Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu na atuwafikishe katika kheri. Amin.