Lori la Umeme Litapanda Kitonga?

Wiki hii tuwaache kidogo wanamuziki na mademu zao, tuzungumze habari za lori. Ndiyo, lori! Usifungue ukurasa wa pili kwanza. Hizo nyanya unazouziwa kwa fungu pale gengeni, hiyo jinzi ya mtumba uliyotupia, hata kreti la soda, vyote vimepanda lori kabla ya kukufikia. Lori likinywa mafuta ya bei mbaya, mlipaji ni wewe.

Mnakumbuka 2022? Urusi iliivamia Ukraine mwezi Februari, huko mbali kabisa, lakini ilipofika Mei dizeli hapa Dar ilikuwa imeshavuka shilingi 3,000 kwa lita. Mpaka serikali ikatangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Sababu ni moja tu: dizeli yetu inakuja na meli. Wakubwa wakizipiga huko kwao, huku kwetu nauli inapanda.

Ndiyo maana watu wanauliza, kwa nini malori yasitumie umeme? Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mashine tisa, jumla megawati 2,115, na mwaka 2025 zote zilikuwa tayari. Maji ya Rufiji hayaji kwa meli, wala hatuyanunui kwa dola.

Hoja hiyo nilimpelekea mjomba wangu, ambaye anaendesha semi njia ya Tunduma tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Mzee alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mjomba, hilo lori lako likizima Mikumi usiku, utachomeka waya kwenye mkia wa tembo?"

Haya, acha acheke, sisi tupige hesabu. Lori la dizeli lililoshiba mzigo linakunywa kama lita 40 kwa kilomita 100. Tuseme lita ni shilingi 2,500, hiyo ni laki moja. La umeme, kwa mwendo uleule, linakula kama uniti 130, hizi hizi za Luku. Uniti ikiwa shilingi 350, inakuja elfu 45 na mia tano. Chini ya nusu, bwana! Siri ni kwamba kwenye injini ya dizeli sehemu kubwa ya mafuta inaishia kuwa joto la bure, wakati mota ya umeme haipotezi namna hiyo.

Na Kitonga je? Kupanda siyo kesi, mota ya umeme ina nguvu tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Ila utamu wenyewe uko kwenye kushuka. Lori lililobeba shaba ya Zambia likiteremka mlima ule, mota inageuka jenereta, inalishika gari lisikimbie na kurudisha chaji kwenye betri. Mwenye dizeli mteremko huo haumrudishii hata tone.

Sasa tuje kwenye kimbembe. Mercedes eActros 600, lililoanza kutengenezwa kwa wingi Novemba 2024, lina betri ya uniti 600 na ushee na linakwenda kama kilomita 500. Dar mpaka Tunduma ni zaidi ya 900. Halafu fikiria hili: nyumba ya matumizi madogo ni ile isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Kwa hiyo betri moja ya lori ni umeme wa nyumba hiyo kwa miezi minane! Malori kumi yakichomeka kwa pamoja kwenye kamji kadogo kasikokuwa na laini kubwa, mtaa mzima mtalala giza. Betri zenyewe ni tani kadhaa, na kila tani ya betri ni tani ambayo ungeweza kubebea mahindi. Bei nayo usiseme. Huko Ulaya la umeme linaweza kufika mara mbili ya la dizeli au zaidi, wakati wenye malori wetu wengi huanza na mtumba.

Ndiyo maana mimi nasema tusianze na Tunduma. Tuanze na safari fupi zinazojirudia, kama bandarini hadi bandari kavu ya Kwala, kiasi cha kilomita 90. Lori likienda na kurudi mara mbili ni kilomita 360, chaji bado ipo, na usiku linalala yadi likichajiwa taratibu. Wachina wanayatumia sana kwa mtindo huo, kati ya migodi, bandari na viwanda vya chuma. Kuna sehemu betri iliyokwisha inatolewa na kuwekwa iliyojaa kwa dakika kama tano tu. Mzigo wa kwenda Dodoma upande SGR, ambayo inatumia umeme na ilianza kubeba mizigo 2025. Tunduma mjomba ataendelea na dizeli yake kwa muda.

Lakini kuna kitu kinaniuma roho. Lori la umeme halina nozeli, halina pampu ya dizeli, halimwagi oili ya injini. Vijana wangapi wa rika langu wanakula kwa kufungua injini gerejini? Malori hayo yakitua kabla hatujajifunza, mafundi watakuja nayo kwenye meli, na sisi tutabaki kuosha vioo. Kwa hiyo wewe unayekwenda VETA kusomea injini, gusa na umeme mkubwa. Betri hizo zina volti mamia, hazina utani.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu yale ya mapenzi, msije mkaninunia. Bai!