Fyekeo Lisiwe Adhabu

Nimekuwa golikipa wa shule yetu kwa miaka miwili, na magoti yangu yana makovu ambayo hayakutokana na miguu ya wapinzani. Yametokana na ardhi. Mbele ya goli la kiwanja chetu kikubwa hapana jani hata moja. Wakati wa mvua pana dimbwi, na tangu Desemba hata Februari pana udongo mgumu kama saruji.

Wengine husema tuombe nyasi za plastiki, kama zile za uwanja wa FUFA ulioko Njeru. Lakini nyasi hizo ni za bei kubwa, hupata joto kali juani, nazo zikichakaa hutupwa. Hata uwanja mkuu wa Mandela, Namboole, uliofunguliwa mwaka 1997, una nyasi za kuota. Nasi Mungu ametupa ukoka bure. Ukoka hutambaa, na fundo lake likigusa udongo wenye maji hutoa mizizi. Pandikiza vipande mvua zianzapo, nao utaifunika ardhi wenyewe, mradi usikanyagwe.

Hapo ndipo penye kosa letu. Tunavyo viwanja vitatu, lakini sote, wakubwa kwa wadogo, hukimbilia kimoja, kwa kuwa ndicho chenye nyavu. Viwili tumewaachia mbuzi. Muhula uliopita tulicheza katika mvua kubwa mpaka jioni. Nakiri kwamba mimi ndiye niliyemsihi mwalimu asiahirishe mchezo. Sisi tulishinda, nyasi zikashindwa, na hata leo hazijarudi.

Tena, nani hufyeka? Ni waliochelewa na waliopiga kelele darasani. Mtu aliyeadhibiwa hana huruma na jani. Hukata mpaka udongoni ili amalize upesi. Nyasi zilizonyolewa hivyo hazina majani ya kulisha mizizi, na jua huzimaliza. Wajuzi hukata mara kwa mara, wala hawaondoi zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja.

Shauri langu ni hili. Kwanza, wachezaji wenyewe wafyeke kwa zamu, na fyekeo lisiwe adhabu tena. Pili, kila muhula kiwanja kimoja kipumzike. Tatu, maji yakituama, mchezo ungoje.

Kwetu Oli, mjini Arua, watoto hucheza mpira njiani kati ya bodaboda. Nikirudi likizoni huniuliza, "Kaka, shuleni kwenu kuna nyasi?" Naona haya kuwajibu. Mwaka huu namaliza masomo, wala sitadaka tena mbele ya goli lile. Lakini nimeanza kupanda ukoka pale, na wadogo zangu wa kidato cha kwanza wananisaidia. Nawaombeni jambo moja tu: msiukanyage.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita