Msikiti Nao Ni Chuo cha Nakshi

Juzi baada ya sala ya alasiri, jamaa mmoja wa mtaani kwetu hapa Mji wa Kale alinivuta kando, tukaketi barazani. Akaniambia, "Maalim, nataka shauri lako. Binti yangu amemaliza skuli. Nilitaraji atasema uuguzi au ualimu. Yeye ashikilia kwamba ataka kwenda chuo cha sanaa. Mimi nimemsomesha hata akakhitimu Kurani, leo nitoe pesa zangu akajifunze kuchora masanamu?"

Binti mwenyewe twamjua sote. Hakuna harusi mtaani asiyoitwa kupaka hina na piko. Mkono wake hautetemeki, na ua lake la kiganja cha kulia halipishani na la kushoto. Hakufundishwa na mtu; alikaa karibu na shangazi yake akatazama.

Sikumjibu baba mtu siku ile. Nilimwomba anipe muda, na jibu langu naliandika hapa kwa kuwa najua si yeye pekee mwenye swali hili.

Katika mji wa Lahore, ambao leo uko Pakistan, kuna chuo cha sanaa na usanifu kilichofunguliwa mwaka 1875, zama za Mwingereza. Kilipewa jina la Lord Mayo, mtawala mkuu wa Bara Hindi aliyeuawa mwaka 1872. Mkuu wake wa kwanza alikuwa John Lockwood Kipling, baba yake Rudyard yule mtunzi wa vitabu. Bwana huyu alikuwa mkuu wa chuo na papo hapo msimamizi wa makumbusho ya mji. Asubuhi yuko na wanafunzi, jioni yuko na vyombo vya kale, na aghalabu huwachanganya. Chuo na makumbusho vimekaa ubavu kwa ubavu hadi leo. Watu wa Lahore huyaita makumbusho hayo Ajaib Ghar, nyumba ya maajabu. Jina hilo halitutii ugeni, kwani nasi tuna Beit al-Ajaib ya Unguja, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, na ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 sote tukasikitika.

Fikra ya kukiweka chuo mlangoni mwa makumbusho Kipling aliitoa London, katika mtaa wa South Kensington, alikofanya kazi kabla ya kwenda Bara Hindi mwaka 1865. Waingereza walikuwa wameona aibu. Mashine zao zilitoa bidhaa nyingi, lakini nyingi mbaya wa sura. Baada ya maonyesho makubwa ya mwaka 1851 serikali yao ilitoa pauni 5,000 vinunuliwe vitu vya kuwafunzia wanafunzi wa usanifu, na katika vilivyosifiwa mno vilikuwa vya mafundi wa Bara Hindi na nchi za Kiislamu. Wenye viwanda wakaenda kusoma kwa wenye tezo na patasi. Jambo hili mimi hulikumbuka kila nisikiapo mtu wetu akisema kwamba ufundi wa wazee ni mambo ya kizamani.

Vyuo vingine vya Kiingereza huko Bara Hindi viliwapa wanafunzi sanamu za plasta za Kiyunani wazinakili. Kipling hakuipenda njia hiyo. Aliwatoa wanafunzi wake akawapeleka mjini, katika Msikiti wa Wazir Khan, uliojengwa enzi ya Shah Jahan ukamalizika mwaka 1641. Kuta za msikiti huo zimevikwa vigae vya rangi kutoka chini hadi juu: aya kwa khati nzuri, maua, miti, mitungi, na nyota zinazofumana bila mwisho. Hakuna mtu wala mnyama. Vijana waliketi wakanakili kigae kwa kigae, wakapima, wakajua fundi wa kale alianzia wapi bikari yake. Kipling aliandika kwamba jengo lile lenyewe ni shule ya usanifu. Sisi tuliokulia chuoni, tukiandika ubaoni kwa kufuata mkono wa mwalimu mpaka alifu yetu ikasimama kama yake, hatuhitaji kuelezwa maana ya mafunzo hayo.

Wengi wa wanafunzi hao walikuwa wana wa mafundi. Mmoja wao, Bhai Ram Singh, Singasinga mtoto wa seremala, aliingia chuoni siku za mwanzo. Yeye na Kipling ndio waliosanifu jengo la makumbusho la sasa, lililofunguliwa mwaka 1894, na ni yeye aliyesanifu ukumbi wa Kihindi katika kasri ya Malkia Victoria ya Osborne. Mwaka 1910 mtoto wa seremala akawa mkuu wa chuo kile kile. (Na tusisahau kwamba maseremala na waashi wa Punjab, jimbo hilo hilo, walishuka Mombasa kuanzia mwaka 1896 kujenga reli.)

Sisemi Mwingereza alikuwa na nia safi. Alitaka vitu vya kupamba maonyesho yake na vya kuuza, na alimtaka fundi abaki fundi. Lakini mti aliopanda una matunda ambayo hakuyatazamia. Mwaka 1958 Wapakistani walikibadili chuo kikawa Chuo cha Taifa cha Sanaa, na katika miaka ya 1980 wakaifanya michoro midogo ya vitabu, ile ya zama za wafalme wa Kimughali, kuwa somo kamili. Mwanafunzi huketi chini sakafuni, akagandisha karatasi juu ya karatasi kwa gundi, akazisugua kwa kombe mpaka zing'ae, akachora kwa brashi ya manyoya ya kindi. Binti mmoja aliyehitimu huko mwaka 1991, Shahzia Sikander, leo kazi zake zatafutwa na makumbusho ya Marekani na Ulaya. Hakufika huko kwa kuiga Wazungu.

Hapa baba mtu atanishika. Atasema, michoro hiyo ina watu na farasi. Ni kweli, sitaficha, na mimi si mufti. Hilo na akawaulize mashekhe. Ninalojua ni kwamba kuchora viumbe ni chumba kimoja katika nyumba kubwa. Kuna khati, kuna nakshi, kuna kitambaa, kuna vigae, kuna usanifu wa majengo. Mtu anaweza kukaa umri wake wote katika vyumba hivyo asivimalize.

Linalonikera ni jingine. Makumbusho ya Lamu yana siwa ya pembe kutoka Pate. Lamu ipo nyumba ya kale iliyohifadhiwa na zidaka zake za chokaa, na upo Msikiti wa Pwani wenye maandishi ya mwaka 1370. Hapa kwetu ipo Ngome ya Yesu. Watalii waingia, wapiga picha, watoka. Watoto wa skuli wapitishwa kwa safu, waambiwa wasiguse. Makumbusho ya Taifa yamewahi kuendesha kituo cha utamaduni wa Mswahili ambako vijana walifunzwa kuchonga, na kwa hilo nawashukuru. Lakini kituo cha ufundi si chuo kamili, chenye walimu wa khati na hesabu za nakshi, chenye usta wa milango anayelipwa mshahara wa mwalimu, na mlango wa nyuma unaofunguka moja kwa moja kwenye makumbusho. Nimewazika mafundi wawili waliokuwa na nakshi za milango vichwani mwao, bila karatasi hata moja. Milango yenyewe mingi imeng'olewa ikauzwa.

Chuo anachokitaka binti wa jamaa yangu kiko Nairobi, na hakina makumbusho ubavuni. Nilirudi kwa baba yake nikamwambia amwache aende, kwa sharti moja: kila likizo arudi Mombasa na daftari, achore mlango mmoja wa mtaa huu na kuupima, aandike jina la mwenye nyumba na la fundi kama yupo anayelikumbuka. Mama mtu amekwisha kubali. Baba ameniuliza karo ni kiasi gani, akasema atanijibu baada ya Ijumaa.