Eti, inauma?

Mpenzi msomaji, mwezi huu nina maneno na kina dada, lakini kina kaka msigeuze ukurasa. Yanawahusu pia.

Shoga yangu na mumewe wote wamebeba kinasaba cha selimundu. Kwa kila mimba, nafasi ya mtoto wao kuzaliwa na ugonjwa huo ni 1 kati ya 4. Aliposhika ujauzito, daktari akawaambia inawezekana kumpima mtoto akiwa tumboni. Bibie akanipigia simu na swali moja tu: "Eti, inauma?"

Haya, tuongee. Wiki ya 11 hadi ya 14 huchukuliwa kipande kidogo sana cha kondo la nyuma. Kuanzia wiki ya 15 huvutwa maji kidogo ya chupa ya uzazi. Mara nyingi sindano nyembamba hupitishwa tumboni, daktari akiifuatilia kwenye ultrasaundi. Ni dakika chache tu.

Wengi husema maumivu ni kama ya kutolewa damu, tumbo likibana kama siku za hedhi. Kwa kipimo cha maji, uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2011 uliangalia ganzi, kusugua miguu, hata kuipoza sindano kwa baridi kali. Haukupata ushahidi wa kutosha kwamba vinasaidia. Kwa kipimo cha kondo, ganzi hutumika mara nyingi, uliza mapema.

Kinachouma zaidi ni woga, na mwenye woga huhisi maumivu maradufu. Dawa yake ni maelezo. Mwombe daktari akueleze kila hatua kabla hajaanza. Muulize ana uzoefu gani, kwa sababu kwenye mikono yenye uzoefu hatari ya mimba kutoka ni chini ya 1 kati ya 200. Kama damu yako ni rhesus hasi, mkumbushe.

Na wewe kaka, hospitali ikiruhusu, ingia naye na umshike mkono. Siku hiyo ndoo asinyanyue. Akitokwa damu au maji, au akipata homa, mrudishe hospitali haraka.

Zaidi ya yote, kubalianeni kabla ya sindano mtafanya nini majibu yakitoka. Na asitokee wa kusema "ni ukoo wenu". Kinasaba kimetoka kwa wote wawili, basi na mzigo mbebe wote wawili.

Tukutane mwezi ujao!