Lugalo Mbili na Kilele Kimoja

Ukimwuliza mkazi wa Dar es Salaam Lugalo iko wapi, atakuambia panda daladala, ukishapita Mwenge utaiona kambi ya jeshi, na hospitali iko hapo hapo. Hajakosea. Ila hiyo ni Lugalo ya pili. Lugalo ya kwanza iko mkoani Iringa, kandokando ya barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma, ukishaupanda mlima Kitonga na kuiacha Ilula nyuma yako. Mabasi hupita huko usiku na mchana. Abiria wengi huwa bado wanapanga chini ya viti vitunguu na nyanya walizonunua Ilula, na ni wachache wanaogeuza shingo kutazama upande wa vilima, ulikosimama mnara wa Wajerumani.

Nasema mnara wa Wajerumani, wala sisemi mnara wa Lugalo, na tofauti hiyo ndiyo sababu ya makala haya.

Tarehe 17 Agosti 1891, mapema asubuhi, msafara wa jeshi la kikoloni la Kijerumani ukiongozwa na Emil von Zelewski ulikuwa ukipita hapo kwa mstari mrefu. Wenyeji walimbandika Zelewski jina la Nyundo. Pwani walikuwa wamekwisha kumjua: mwaka 1888 alikuwa mwakilishi wa kampuni ya Kijerumani huko Pangani, na kiburi alichokionyesha mjini humo ni miongoni mwa mambo yaliyochochea vita vya Abushiri. Safari hii alikuja bara kuwaadhibu Wahehe, na njiani alichoma vijiji. Hakutegemea upinzani. Inasimuliwa kwamba bunduki nyingi hata hazikuwa zimejazwa risasi.

Mashujaa wa Mtwa Mkwawa, wapatao 3,000, walikuwa wamelala vichakani na nyuma ya mawe. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika muda usiozidi dakika kumi na tano hivi, kazi ilikuwa imekwisha. Wazungu kumi walikufa, Zelewski akiwa mmoja wao. Wahehe walipata bunduki takriban 300 na mizinga. Huko Berlin habari ilipokelewa kama msiba wa taifa, na ilichukua miaka mitatu kabla ya Wajerumani kurudi kwa nguvu na kuiangusha ngome ya Kalenga, Oktoba 1894. Mkwawa aliendelea kupigana msituni hadi Julai 1898, alipojiua ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa. Kilitajwa kwa jina katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, na fuvu lilirejeshwa Kalenga mwaka 1954, mikononi mwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi.

Habari ya fuvu inajulikana. Watoto hufundishwa, na jumba la makumbusho la Kalenga lipo. Ila fuvu ni habari ya namna tulivyoshindwa na baadaye tukarudishiwa kilichobaki. Lugalo ni habari ya siku tuliyoshinda, na siku hiyo tumewaachia walioshindwa waiandikie kumbukumbu. Mnara uliopo uliwekwa na Wajerumani, kwa ajili ya wafu wao, kwa lugha yao. Sioni ajabu kwamba waliujenga. Kila jeshi huwazika watu wake na kuwaandika majina. Ajabu ni sisi, ambao tumekuwa na nchi yetu tangu mwaka 1961.

Sasa tuupande mlima mwingine. Mwaka 1889, miaka miwili kabla ya Lugalo, Mjerumani Hans Meyer alifika kilele cha juu kabisa cha Kilimanjaro akiwa na Ludwig Purtscheller wa Austria. Alikipa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm, akaokota jiwe huko juu na kwenda kumkabidhi mfalme huyo kipande chake, nacho kikapachikwa katika ukuta wa jumba la kifalme huko Potsdam. Kileleni pakapewa jina la Kijerumani, na jiwe la kileleni likahamia Ujerumani. Sijui mfano mwingine unaoueleza ukoloni kwa ufupi kiasi hicho.

Tanganyika ilijua la kufanya. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kileleni na bendera mpya na mwenge, kutimiza yale ambayo Mwalimu Nyerere aliyanena mbele ya Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1959. Kilele kikawa Uhuru. Leo hakuna mpanda mlima, awe ametoka Seoul au Chicago, anayesema amefika kilele cha Kaiser Wilhelm. Mita 5,895 zote zimeitika jina la Kiswahili.

Jeshi nalo lilijua. Kambi ile ya Dar es Salaam ilikuwa ikiitwa Colito, jina la vita ambamo askari wa Mfalme wa Uingereza walipigana na Waitaliano huko Ethiopia mwaka 1941. Baada ya maasi ya Januari 1964, Tanganyika Rifles lilivunjwa, jeshi jipya likaundwa, na kambi ikapewa jina la Lugalo. Aliyelichagua jina hilo alikuwa na akili ya historia. Jeshi la wananchi lisingeweza kuendelea kulala katika kambi yenye jina la ushindi wa mtu mwingine, ilhali wananchi walikuwa na ushindi wao.

Basi angalieni tulivyofanya. Tulilichukua jina kutoka Iringa tukalipeleka Pwani, likastawi huko hadi likawa jina la hospitali na kituo cha daladala, na mahali lilipotoka tukapaacha kama palivyokuwa enzi za Mjerumani. Kilele cha juu kabisa cha nchi tulikibadilisha kwa usiku mmoja. Kilima kidogo cha barabarani kimetushinda kwa zaidi ya miaka sitini.

Nadhani kuna sababu, nayo haipendezi sana. Kilimanjaro kina wateja. Tumezoea kuzitunza kumbukumbu zile ambazo mgeni atazilipia, na hata huko juu, kibao kinachompokea mpandaji kileleni kinampongeza kwa Kiingereza. Utalii wa kusini nao, kila unaposemwa, husemwa kwa lugha ya tembo wa Ruaha na misitu ya Udzungwa. Sina ugomvi na tembo. Ila mwanafunzi wa Ilula anayekwenda shule kwa miguu hatapanda Kilimanjaro maishani mwake, na pengine hataiona Ruaha kwa gari la watalii. Lugalo iko karibu naye. Ni nauli ndogo tu, na saa chache za mwalimu aliyejiandaa.

Na akifika hapo, aambiwe nini? Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu wanaotaka mnara ubomolewe. Hoja yao ina uzito: kwa nini tumtunzie mchoma vijiji nyumba yake? Wanataja sanamu ya Hermann von Wissmann iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1909. Waingereza waliing'oa, na mwaka 1927 mahali pake pakasimamishwa Sanamu ya Askari, ile tunayoipita Posta hadi leo. Ya Wissmann ilipelekwa Hamburg, na huko wanafunzi wa Kijerumani wenyewe waliiangusha mwaka 1968. Kama wao waliweza, wanauliza, sisi tunasubiri nini?

Jibu langu ni kwamba sanamu ya Wissmann ilikuwa majigambo. Mnara wa Lugalo, ukiusoma vizuri, ni hati ya kushindwa iliyotiwa saini na aliyeshindwa mwenyewe. Dola lililotawala nusu ya maisha ya babu zetu kwa kiboko lilikuja hapa likakiri kwa jiwe kwamba kamanda wake aliuawa. Ushahidi kama huo haubomolewi. Isitoshe hao ni wafu, na sisi si watu wa kufukua makaburi.

Kinachonikera ni hesabu. Pamoja na wale Wazungu kumi, walikufa askari Waafrika takriban 250 na wapagazi karibu 100. Wahehe waliokufa hata idadi yao haikubaliki. Wapo wanaosema 60, wapo wanaosema mamia. Kwa maneno mengine, katika kila watu thelathini na zaidi waliolala pale, mmoja ndiye aliyeandikiwa kumbukumbu.

Najua mtu ataniuliza kuhusu askari. Walikuwa Wasudani, na watu walioajiriwa kutoka Msumbiji, na wengine wa pwani. Walikuja kuua na kuchoma kwa mshahara. Sitaki waheshimiwe. Kuheshimu na kuhesabu ni mambo mawili. Lakini mpagazi? Huyu hakuwa na bunduki. Alikuwa na mzigo kichwani, wa chakula cha bwana na risasi za bwana, na alikufa katikati ya mstari bila kujua vita vimeanzia wapi. Ni ndugu wa yule kijana wa Marangu na Machame anayebeba hema na jiko la mgeni hadi miguuni pa kilele cha Uhuru, kisha haonekani katika picha. Hata Yohani Kinyala Lauwo, anayetajwa kuwa kiongozi wa njia wa Meyer, alisubiri karibu miaka mia moja kabla jina lake kusikika. Katika milima yetu, wabebaji ndio wa mwisho kuandikwa.

Yupo pia Mpangile, ndugu yake Mkwawa, anayetajwa kuwa ndiye aliyeliongoza jeshi siku ile ya Lugalo. Baadaye Wajerumani walimtawaza ili awasaidie kutawala, na mapema mwaka 1897, baada ya muda mfupi tu, wakamwua kwa kumshuku. Habari kama hiyo haitoshi katika wimbo wa shule. Inahitaji mahali pa kukaa na kuijadili, na mahali hapo tunapo.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba msamaha kwa yale waliyoyatenda mababu zake wakati wa Vita vya Maji Maji. Lilikuwa jambo jema. Tangu hapo mazungumzo ya mafuvu na mabaki ya mababu yamechukua nafasi yote. Yaendelee. Lakini kwa Lugalo hatuhitaji ruhusa ya Berlin, wala fedha zao. Halmashauri ya Kilolo, ile ya Iringa Vijijini, Idara ya Mambo ya Kale, walimu wa historia wa vyuo vilivyoko Iringa mjini, na wazee wa Kihehe ambao bado wanazo simulizi za bibi zao, wanatosha.

Ninachopendekeza ni jiwe la pili, lenye kimo kisichopungua cha lile la kwanza, lisimame kando yake bila kuligusa. Liandikwe kwa Kihehe na Kiswahili. Litaje tarehe, litaje Mpangile na Mkwawa, litaje mashujaa kwa majina ambayo koo zitayaleta, na kwa ambao hawana jina liseme idadi. Wapagazi wapewe mstari wao. Jiwe lipo tele Iringa. Wanaolipasua kokoto pembezoni mwa barabara wanaweza kulichonga. Na itakuwa vizuri likizinduliwa asubuhi ya tarehe 17 Agosti, mapema, wakati ambao mabasi ya asubuhi yanaanza kupita kuelekea Ilula.